Siku tatu za Lindi: mikoko ya Lukuledi, ziwa Rutamba na msitu wa Rondo

Anayekuja Lindi kutafuta simba ageuze gari aelekee Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Njia hii ni ya viumbe wadogo: komba wa gramu 60, sange anayefukua majani makavu kwa pua, na perege wa ziwani ambaye jamaa zake wa karibu wako mbali kaskazini, mto Pangani. Mwenye haraka hurudi mjini akisema kule hakuna kitu. Aliyetulia dakika 20 chini ya mti mmoja hurudi na habari nyingine.

Kiini cha safari ni Rutamba, mji mdogo wa ziwani magharibi ya Lindi, ambao msitu wa Litipo uko jirani yake. Siku ya kwanza ni ya kuzoeza macho kwenye mikoko. Siku ya tatu ni ya kupanda uwanda wa Rondo. Atakayepata siku moja tu aichukue ya pili, aache zilizobaki.

Tarehe huchaguliwa kwa mwezi wa angani, wikiendi haihusiki. Safari ianze mwezi unapoandama au siku moja baadaye. Sababu ni mbili, na zinaangukia pamoja. Kwanza, mwezi mwandamo huleta bamvua, kwa hiyo maji hukupwa sana na matope ya ndege huwa wazi. Pili, usiku huwa giza tupu, na katika giza macho ya komba hung'aa vizuri yakimulikwa. Mwezi mpevu nao huleta bamvua, lakini usiku wake ni mweupe na kazi ya tochi inakuwa ngumu.

Kuhusu msimu: kusini tuna mvua za mara moja kwa mwaka, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzo wa Mei. Juni hadi Oktoba barabara ni kavu na kila gari linapita. Hata hivyo, kwa maoni yetu wiki mbili za kwanza za Novemba ndizo bora kuliko zote. Ndege wahamiaji wameshawasili, wenyeji wao wameanza kuimba kabla ya mvua, na njia bado hazijalainika. Machi na Aprili msijaribu. Udongo wa mfinyanzi kwenye mabonde unameza gurudumu hadi ekseli, na kulivuta gari ni kazi ya nusu siku.

Vibali vianze mapema. Litipo na Rondo ni misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, si fedha mkononi. Omba angalau siku mbili za kazi kabla, chapisha stakabadhi kwenye karatasi, kisha omba mlinzi wa msitu afuatane nanyi. Stakabadhi iliyobaki ndani ya simu haisaidii mahali ambapo mtandao umekata. Kosa la kawaida ni kufika Ijumaa mchana na kutaka kuingia msituni Jumamosi alfajiri.

Siku ya kwanza: Lindi mjini na maingilio ya mto Lukuledi

Siku za bamvua katika pwani yetu maji hukupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Hesabu hiyo ndiyo ratiba ya leo. Ithibitishe kwa jedwali la maji au kwa wavuvi wa ufukweni, kwani wao hawakosei.

Saa 2 asubuhi kundi linavuka kwa pantoni kwenda Kitunda, ng'ambo ya mji. Maji yanatoka, na ndege wanayafuata yanavyorudi nyuma. Msiwakimbilie. Kaeni mahali pamoja, jua likiwa mgongoni, muwaache wao wasogee. Sululu anajulikana kwa mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, anaouingiza kwenye mashimo ya kaa. Korongo na yangeyange wanatembea kwenye madimbwi yaliyobaki. Kuanzia Septemba hadi Aprili wanaongezeka ndege wadogo wa matopeni wanaotoka kuzaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Asia. Hao wanahitaji kula mfululizo wakati maji yametoka, na kila wanaporushwa na mtu wanapoteza mlo. Mita 60 ni umbali wa heshima.

Viatu ni suala zito hapa. Ndala hubaki matopeni hatua ya tatu, na miguu mitupu hukatwa na maganda ya chaza. Chukua raba za zamani zenye kamba, uzifunge sana.

Baada ya chakula cha mchana, mnamo saa 8, mashua inaingia kwenye vijito vya mikoko vya Lukuledi. Kanuni ni moja tu: ingia na maji yanayojaa, geuka yanapofika kikomo. Anayeingia maji yakiwa yanatoka hupata kijito kizuri kwa dakika 40, kisha mashua inakaa juu ya tope mpaka maji yarudi, yaani saa 6 au zaidi, pamoja na mbu.

Mikoko si mti mmoja, na ukishajua kuisoma unaona imejipanga kwa mistari. Mbele kabisa, uso kwa uso na bahari, kuna mlilana, ambao mizizi yake ya kupumulia imechomoza kama pembe nene. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, unaosimama kwa mizizi ya upinde kama miguu ya buibui. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ikaning'inia kama mshumaa wa kijani unaoweza kufika nusu mita, kisha ikaanguka na kujichomeka tope au kuelea. Muia una mizizi iliyokunjwa kama magoti. Mkandaa, ambao gome lake lilitumika tangu zamani kutia rangi na kulainisha ngozi, uko ndani zaidi. Kandokando ya nchi kavu unaukuta mchu, wenye mizizi myembamba kama kalamu zilizosimikwa. Lamba jani la mchu upande wa juu: ni chumvi tupu, mti umeitoa kwa majani yake. Mkomafi unautambua kwa tunda lake la mviringo, zito, kubwa kupita chungwa.

Jioni ya leo lala mapema. Kesho ni ndefu.

Siku ya pili: Rutamba na Litipo

Vifaa vikaguliwe usiku uliotangulia. Kila mtu abebe maji lita 3, suruali ndefu, soksi za kuvutwa juu ya suruali, kofia, dawa ya mbu na koti jepesi la mvua. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba, na karatasi nyekundu inayopitisha mwanga au kitambaa chepesi chekundu cha kufunika kioo chake. Darubini ya 8×42 inatosha. Ya 10×50 ni nzito na ndani ya msitu mkono hutetemeka. Kundi lisizidi watu 6 pamoja na mwongozaji.

Saa 10:30 alfajiri gari linatoka Lindi. Njia ni ya vumbi, inapita mashamba ya mikorosho, ufuta na mihogo, na muda wa kutosha kujipangia ni saa moja na nusu hadi mbili. Tembea taratibu kabla ya mapambazuko. Mbarawaji, ndege wa usiku, hukaa katikati ya barabara na hushtuka mwishoni kabisa.

Kufika Rutamba si kwenda moja kwa moja majini. Ofisi ya serikali ya kijiji iwe imepewa taarifa tangu jana, na mtendaji au mjumbe awe anawajua mnaokuja. Sainini kitabu cha wageni. Wavuvi wazee wasalimiwe kwa shikamoo kabla ya kuulizwa bei ya mtumbwi, na picha ya mtu au ya samaki wake iombwe kwanza. Hapohapo ulizeni kama tembo wamepita karibu. Vijiji kadhaa vya mkoa wa Lindi hutembelewa nao, na habari za usiku wa jana anazo mwenye shamba.

Ziwa linaanza kwanza, msitu baadaye. Wengi hupanga kinyume chake kwa kuogopa kukosa ndege wa asubuhi msituni, na mchana wanakutana na upepo kutoka baharini unaopiga mawimbi mafupi. Mtumbwi wa kuchonga hauyapendi mawimbi ya ubavuni. Kuanzia saa 12:15 hadi saa 3 asubuhi maji ni kioo. Msitu una kivuli, unaweza kusubiri.

Katika mtumbwi mmoja wakae abiria wawili na mpiga kafi, si zaidi. Kila abiria avae jaketi okozi. Wavuvi mara nyingi hawana, kwa hiyo beba kutoka Lindi. Kaa chini kabisa, si juu ya mbao ya kati, na ukitaka kupiga picha mwambie mpiga kafi kwanza ili asawazishe upande wake. Mitumbwi mingi inayopinduka hupinduliwa na abiria aliyegeuka ghafla kwa ajili ya ndege.

Furukombe hupatikana kwa sauti kabla ya macho. Anatupa kichwa nyuma na kulia, na mwenzake hujibu. Tafuta juu ya mti mrefu uliokauka. Mnandi na mbizi hukaa kwenye visiki wakiwa wametandaza mabawa, kwa sababu manyoya yao hulowana maji yakawasaidia kuzama, na lazima yaanikwe baadaye. Mbizi ana shingo nyembamba kama nyoka. Akiogelea kinachoonekana ni shingo tu. Kisharifu mweusi na mweupe huelea hewani mahali pamoja, akipiga mabawa, halafu anajitupa wima. Penye majani yanayoelea ondoeni kafi majini na mwache mtumbwi uende wenyewe, maana ndege wa humo hukimbia kishindo cha kafi zaidi ya umbo la mtu.

Viboko na mamba ni kanuni, si habari za kuuliza. Katika ziwa lolote la kusini chukulia kwamba kila ukingo wenye matete una mamba na kila kina cha wastani kinaweza kuwa na kiboko. Mkono usining'inie nje ya mtumbwi. Usichote maji ukiwa umeinama ukingoni. Mpiga kafi akisema turudi, hakuna mjadala. Na usioge: maji yaliyotulia yenye konokono ndiyo makazi ya kichocho, ugonjwa unaojulikana sana Lindi na Mtwara. Ukilowana miguu, jifute kwa taulo mara moja.

Sasa perege. Hapa ndipo Rutamba inapokuwa na jambo kubwa ambalo wakazi wengi wa mji wa Lindi wenyewe hawalijui. Perege wa asili wa ziwa hili ni yule anayeitwa kisayansi Oreochromis korogwe. Jina linasema kwao: Korogwe, bonde la Pangani, mamia ya kilomita kaskazini. Kati ya huko na huku hayupo. Anapatikana tena katika maziwa madogo ya Lindi, yaani Rutamba, Nambawala na Mitupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hawa wa kusini wametofautiana na wa kaskazini kimaumbile na kivinasaba. Utafiti huohuo ulikuta tayari wamechanganya damu na perege wa kupandikizwa, Oreochromis leucostictus, ambaye asili yake ni maziwa ya magharibi mwa Uganda.

Uchanganyaji huu hautokei kwa ubaya wa mtu. Mtu anachimba bwawa, anatafuta vifaranga vinavyouzwa, mafuriko yanavunja ukingo wa bwawa, na samaki wanaingia ziwani. Jamii za perege huzaliana zenyewe kwa zenyewe kwa urahisi, na watoto wao huzaa pia. Baada ya vizazi kadhaa wavu unatoa samaki tele, bila wa asili hata mmoja. Kwa hiyo usibebe samaki hai kutoka wala kwenda Rutamba, hata wawili wa kumfurahisha mtoto, na ndoo au wavu uliotumika bwawani uoshwe na kukaushwa juani kabla ya kugusa ziwa. Mfugaji anayetaka bwawa karibu na ziwa awaulize kwanza maofisa uvuvi kuhusu mbegu ya wenyeji. Tunalisema hili kwa kila kundi tukiwa majini, samaki wakionekana. Nchi kavu halisikiki vilevile.

Saa 3 mtumbwi unarudi. Chai, muhogo wa kuchemsha, na wakati wa kiangazi ming'oko, kile kiazi pori chembamba ambacho watu wa kusini wanakichimba porini na kukila kwa chumvi. Kimenye kwa meno ya mbele, ganda lake jembamba linatoka lenyewe. Nunua samaki kwa wavuvi hapo hapo, maana mapato ya ziwa ndiyo yanayompa mvuvi sababu ya kulilinda.

Saa 4 kundi linaingia Litipo. Msitu huu ni wa karibu hekta 1,000 tu, uko kati ya ziwa Rutamba na ziwa dogo la Tandangongoro. Mtu mwenye mwendo mzuri anaweza kuukatiza asubuhi moja, na ndiyo sababu hatuukatizi. Tunatembea kilomita moja na nusu kwa saa mbili.

Wa kwanza wa kuogopa ni upupu, mmea unaowasha. Miezi ya kiangazi maganda yake ya rangi ya dhahabu hukauka kandokando ya njia na malaika yake, yaani vinyweleo, hupeperuka yakiguswa. Likikupata, usijikune wala usipanguse kwa mkono, kwani unayasukuma ndani ya ngozi. Bandika na kubandua seloteipu, au tumia donge la ugali au unga uliokandwa, halafu ndipo unawe. Wa pili ni siafu. Angalia unaposimama, si unapotembea tu, sababu wanapanda mguu kimya na kung'ata wote kwa pamoja. Wa tatu ni nyoka kifutu, ambaye hasogei mtu anapomkaribia. Hatua ikanyage palipoonekana.

Sange, ambaye wengine humwita njule, anapatikana kwa masikio. Simama mgongo ukiwa kwenye shina la mti, usiongee, hesabu dakika 20 kwa saa. Majani makavu yatakuambia nani anapita. Kenge huburuta mfululizo, kama mtu anayevuta tawi. Ndege wa chini huruka hatua moja, kimya, hatua moja. Sange hukwangua kwa haraka, anatulia, anakwangua tena, na sauti inasogea mbele kwa mstari. Ukimwona ni mnyama wa kama nusu kilo, mwenye miguu mirefu ya nyuma, pua ndefu inayozunguka kila upande, na safu za madoa mgongoni. Anakula wadudu wa ndani ya majani yaliyooza. Usimfuate. Akishtuka hupiga mkia chini na kuruka, na saa nzima inayofuata hatoki. Chungu ya majani iliyoviringwa vizuri chini ya kichaka inaweza kuwa kiota chake, kwa hiyo ipite kwa mbali.

Mkikuta tanzi la waya au wavu uliotandazwa kwenye njia ya wanyama, mlinzi wa msitu ndiye anayelitoa. Ninyi andikeni mahali kwa nambari za ramani ya simu na saa. Sange na funo ndio wanaonaswa kwanza, maana hupita njia zilezile kila siku.

Kwenye matawi, hondohondo huja kwa kelele ya mabawa kama mtu anayepepea mkeka. Kundi likiwa juu ya mkuyu wenye matunda, kaeni hapo. Kima nao watafika. Mwenye subira na masikio atafute pia batisi wa Reichenow, ndege mdogo mweusi, mweupe na kijivu, anayepatikana katika misitu ya pwani ya kusini mashariki mwa Tanzania tu. Alielezwa kisayansi mwaka 1911 kwa ndege waliotoka Mikindani. Huwa na mwenzake, huruka kwa umbali mfupi, na mabawa yake hutoa mlio mkavu kama kidole kinachopigwa. Ni ndege wa kwetu kabisa.

Kingo za msitu zitazamwe bila kufumba macho. Ufuta umekuwa zao la fedha la Lindi, na unapenda shamba jipya lililofyekwa. Baada ya misimu michache magugu na uchovu wa udongo humsukuma mkulima kufyeka pengine. Mkaa na moto wa kusafisha mashamba unaokimbia hufanya kilichobaki. Msitu wa hekta 1,000 ukiliwa mita 50 kuzunguka pande zote umepoteza zaidi ya hekta zilizofyekwa, kwani upepo mkavu na mimea ya nje huingia zaidi ya pale panga lilipofika.

Saa 6 hadi saa 10 ni kupumzika. Kila mtu alale, hata asiyezoea, na betri ziwekwe.

Kazi ya usiku inaanza saa 11:30 jioni, kundi likiwa limeshakaa kimya ukingoni mwa msitu. Komba wa Rondo alielezwa kama spishi mpya mwaka 1996. Ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote, gramu 60 hivi, uzito wa yai la kuku, na mkia wake una manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Anajulikana katika misitu michache tu ya pwani ya Tanzania, mingi yake hapa Lindi, na aliwahi kuwekwa kwenye orodha ya jamii 25 za nyani na jamaa zao zilizo hatarini zaidi duniani. Wanasayansi walimtenganisha na wengine kwanza kwa sauti. Mlio wake huenda kwa jozi, noti mbili mbili zikijirudia, na hulia zaidi wakati wa magharibi na karibu na alfajiri. Kwenye msitu huohuo kuna komba wa Grant, ambaye mlio wake unaongezeka pole pole kadiri anavyoendelea. Na kuna komba mkubwa, yule anayelia kama mtoto mchanga na kuwatisha watu mashambani. Kabla ya safari sikilizeni rekodi za wote watatu mara kumi. Asiyejua sauti anaona macho tu na kuandika jina la kubahatisha.

Hatua ni hizi. Mwongozaji mbele, mlinzi wa msitu mwisho, wengine katikati kwa mkono mmoja mmoja wa nafasi. Tochi ishikwe usawa wa macho, au ivaliwe kichwani, kwa kuwa mng'ao wa jicho la komba hurudi kulekule mwanga ulikotoka, na tochi ya kiunoni haioni kitu. Mulika matawi ya chini na ya kati kwanza. Komba wa Rondo hupenda vichaka vya chini na hurukaruka kati ya vishina vilivyosimama. Ukipata macho mawili ya rangi ya machungwa, badili haraka kuwa mwanga mwekundu na umhesabie dakika 2, si zaidi. Mwanga mweupe unampofua kwa muda, na aliyepofuka hukosa tawi au huonekana na bundi. Mita 500 kwa saa ni mwendo mzuri.

Usiku unaharibika kwa mambo yale yale: upepo, unaoficha sauti na kutikisa majani yanayong'aa, umande mzito, muziki wa kijijini, manukato, na mtu mmoja anayewasha skrini ya simu. Msicheze rekodi msituni kumwita. Dume huacha kula na kuja kupigana na adui asiyekuwepo.

Saa 3 usiku tunatoka, na kurudi ni kwa barabara, hata kama njia ya ziwani ni fupi. Usiku viboko hula majani nchi kavu, na mtu anayejikuta kati ya kiboko na maji yake hana pa kukimbilia. Chumba au mahali pa hema Rutamba viwe vimeombwa mapema kupitia ofisi ya kijiji.

Siku ya tatu: Rondo

Siku hii ni ya gari zaidi. Unarudi kwenye lami, unashika barabara ya Masasi kupita Mnazi Mmoja, na upande wa Mtama na Nyangao unaacha lami na kupanda. Tenga mafuta ya siku nzima kabla ya kupanda, usitegemee kuyapata juu. Uwanda unakaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai kuna ukungu na baridi inayohitaji sweta, jambo linalowashangaza waliotoka Mtwara na fulana.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Rondo ni zaidi ya hekta 11,000, lakini si msitu mnene wote. Kuna mitiki iliyopandwa kwa mistari, kuna vichaka vilivyoota upya, na kuna mabaki ya msitu wa zamani. Mvule ya Rondo ilivunwa sana katikati ya karne ya 20. Visiki na mapengo yake ndiyo sababu leo mizabibu pori na vichaka vimejaa mahali ambapo palikuwa na kivuli cha miti mirefu. Mtafiti wa mimea anaweza kukaa hapa wiki nzima, maana baadhi ya mimea ya Rondo haijulikani kuota popote pengine. Sisi tunachukua njia moja ya mlinzi, kilomita 3, kuanzia saa 3 hadi saa 6. Shabaha ni ndege zuwakulu wa kijani. Jamii ya hapa uwandani imetengana na wenzake wa misitu mingine. Sauti yake ni noti moja inayorudiwa kama nyundo ya mbali, na hukaa juu kabisa, kwa hiyo shingo itauma.

Wageni wengi wakifika hapa huulizia mjusi wa kilima cha Tendaguru, yaani dinosaria. Tunashauri isiunganishwe na safari hii. Kilima hicho kiko kaskazini zaidi, njia yake ni mbaya, na mifupa haipo. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 chini ya wanasayansi wa Kijerumani, Werner Janensch akiwa kiongozi, huku Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wa wachimbaji. Ikabebwa na wapagazi kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Mifupa iliyosimikwa Berlin ina urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Tendaguru inastahili siku yake, pamoja na mtu wa kijijini anayejua mashimo yalipo.

Kushuka Rondo tumia gia ya pili tangu juu. Anayekanyaga breki njia nzima hufika chini breki zikinuka na pengine zimekufa, hasa gari likiwa limejaa watu. Saa 9 mchana mko Mnazi Mmoja: kushoto Lindi, kulia Mtwara.

Daftari la safari linakabidhiwa ofisi ya misitu kabla ya watu kutawanyika. Linataka tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, mahali, hali ya upepo na mwezi, kila sange aliyeonekana, kila tanzi, na idadi ya milio ya komba kwa kila saa. Usiku ambao komba hakulia unaandikwa vilevile, kwa tarehe yake na sifuri yake.